Tuwafundishe watoto ubao wa bei kabla ya kununua kompyuta

KILA mwaka mpya wa masomo unapokaribia, wazazi wa Njombe na Makambako hukutana na matangazo ya shule yanayosema: "Tunafundisha kompyuta." Mzazi aliyeuza viazi au mbao anatoa fedha, analipa ada, naye anaamini kwamba mwanawe anaandaliwa kwa dunia ya leo. Akimwuliza mtoto amejifunza nini, mara nyingi jibu ni lile lile. Hiki ni kioo, hii ni kibodi, hiki ni kipanya.

Sina ugomvi na kipanya. Lakini kujua sehemu za kompyuta si kujua kompyuta, kama vile kujua mpini na jembe si kujua kulima. Kuna mambo mawili yaliyo chini kabisa katika kazi ya kuandika programu ambayo mtoto wa darasa la tano anaweza kuyaelewa, tena kwa Kiswahili, tena bila umeme. La kwanza ni kigeu, yaani jina tunalolipa thamani inayoweza kubadilika. La pili ni aina za data, yaani kutambua kama kitu ulichoandika ni namba, ni maandishi, ni tarehe, au ni jibu la ndiyo na hapana.

Maoni yangu ni kwamba haya mawili yafundishwe katika shule zetu za msingi, na yafundishwe kwa kutumia shamba na soko. Sababu zangu ni za kiuchumi zaidi kuliko za kiteknolojia. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la leo liko ndani ya simu, na anayelielewa ni yule anayejua kigeu ni nini.

Kigeu si debe

Walimu wengi wa kompyuta huwaambia watoto kwamba kigeu ni sanduku, au debe, lenye jina juu yake. Unaweka kitu ndani, halafu unakuja kukichukua. Mfano huu ni mwepesi kukumbuka, lakini kwa mtoto wa mkulima una hatari. Debe tunalifahamu vizuri mno. Ukiweka mahindi juu ya mahindi, yanaongezeka. Ukichota, yanapungua. Kigeu hakifanyi hivyo. Ukiweka thamani mpya, ile ya zamani inafutika kabisa. Ukiisoma thamani, haipungui hata kidogo.

Mfano ulio sahihi zaidi tunao kila siku sokoni, nao ni ubao wa bei. Mfanyabiashara wa Makambako ameandika kwa chaki: "Viazi, gunia, 60,000." Watu mia moja wakiisoma bei ile, inabaki pale pale. Bei ikishuka, anafuta na kuandika 45,000. Ile 60,000 haipo tena, na hakuna anayezijumlisha mbili hizo. Jina la bidhaa halikubadilika, ila thamani yake ndiyo imebadilika. Hicho ndicho kigeu, na mtoto aliyetumwa dukani amekwisha kukiona mara nyingi.

Twende hatua moja mbele. Mfanyabiashara wa Njombe mjini anapiga simu Makambako, mwendo wa kilometa zipatazo 60, anauliza bei, naye anaiandika ile ile kwenye ubao wake. Katika programu tungeandika hivi:

bei_njombe = bei_makambako

Mchana bei ya Makambako inabadilika. Je, ubao wa Njombe utajibadilisha wenyewe? Hapana. Utabaki na bei ya asubuhi mpaka mtu apige simu tena. Wanafunzi wengi wanaoanza kuandika programu hujikwaa hapa, maana hudhani alama ya "sawa na" imefunga vitu viwili pamoja milele. Mtoto wa mchuuzi hawezi kujikwaa akielezwa kwa njia hii. Anajua kwamba bei uliyoinakili asubuhi inaweza kukutia hasara jioni.

Alama hiyo hiyo huwasumbua hata waliosoma hisabati. Katika aljebra, kuandika x = x + 5 ni upuuzi. Katika programu, magunia = magunia + 5 ni jambo la kawaida kabisa. Maana yake ni: soma idadi iliyoko ubaoni, ongeza tano, futa, andika jibu. Ndivyo salio la fedha katika simu linavyofanya kazi. Huduma ya M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, wakulima wengi walianza kubeba kigeu mfukoni bila kuambiwa jina lake. Salio jipya ni salio la zamani, toa kiasi ulichotuma, toa makato.

Faida ya kupanga kabla ya kupanda

Msomaji anaweza kuuliza, haya yanamsaidiaje mkulima? Tuchukue mfano wa kufikirika. Familia ina matarajio ya kuvuna magunia 40 ya viazi. Gharama za shamba, yaani mbegu, mbolea, dawa na vibarua, ni shilingi 1,500,000. Kusafirisha na kupakia ni shilingi 6,000 kwa gunia. Mtoto anaandika:

magunia = 40
bei = 60000
usafiri = 6000
shamba = 1500000
faida = magunia × bei – magunia × usafiri – shamba

Jibu ni shilingi 660,000. Sasa mwalimu anamwambia afute bei aandike 45,000, kisha arudie hesabu. Jibu ni shilingi 60,000 tu. Bei imeshuka kwa robo, lakini faida imeshuka kwa zaidi ya asilimia 90. Kisha anamwambia atafute bei ambayo faida inakuwa sifuri. Mtoto atajaribu, atakosea, atajaribu tena, mpaka afike shilingi 43,500. Chini ya hapo, familia inamlipa mnunuzi ili achukue viazi vyao.

Somo hili halikumfundisha mtoto kompyuta tu. Limemfundisha kwamba kanuni ya hesabu inabaki ile ile wakati bei inapanda na kushuka, na kwamba unaweza kujiuliza "itakuwaje kama" kabla hujaingia kwenye deni. Sisi wachumi wa kilimo tumetumia miaka mingi kuwaeleza watu wazima jambo hili katika semina za siku mbili. Mtoto anaweza kulishika kwa wiki chache, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyefuta na kuandika.

Namba ambazo si namba

Sasa tuje kwenye aina za data. Hapa kuna fedha zinazopotea kimya kimya.

Mashine haijui unachofikiri. Lazima iambiwe kama kitu ni namba nzima, kama idadi ya miche ya parachichi. Au desimali, kama kilo 47.5, au maandishi, kama jina la mbegu ya viazi, au tarehe, au kweli na si kweli. Hii ya mwisho watoto wetu wanaijua tangu zamani, maana mitihani ya shule ya msingi imejaa maswali ya "andika Kweli au Si kweli".

Ugumu huanza pale kitu kinapoonekana kama namba nacho si namba. Chukua namba ya simu. Tunaiita namba, lakini hakuna anayezijumlisha namba za simu mbili akapata kitu cha maana. Ni maandishi yaliyoandikwa kwa tarakimu. Ukiiingiza katika programu ya majedwali kama namba, ile sifuri ya mwanzo inapotea, na 07 inakuwa 7. Namba ya kitambulisho cha taifa ina hatari kubwa zaidi. Ina tarakimu 20, wakati programu kama Excel hushika tarakimu 15 tu za namba. Zilizobaki zinageuzwa kuwa sifuri. Katibu wa ushirika anayeandikisha wanachama 300 kwa njia hiyo atakuwa ameharibu vitambulisho 300 kwa mchana mmoja, na hataona ujumbe wowote wa kosa. Dawa yake ni ndogo sana: safu ile iwekwe kuwa maandishi kabla ya kuanza kuandika. Lakini anayejua dawa ni yule anayejua kwamba kuna ugonjwa.

Wafanyabiashara wa mbao wa mkoa wetu wana mfano mzuri zaidi. Tunasema "mbili kwa nne" na "mbili kwa sita". Hizo ni aina za mbao, yaani majina. Ukiiambia mashine kwamba 2×4 ni namba, itazidisha na kukupa 8, na nane si ubao wowote unaouzwa Njombe. Kinyume chake pia ni hatari. Namba zilizoingizwa kama maandishi haziwezi kujumlishwa. Katika lugha nyingi za programu, "40" na "5" zikiwa maandishi, ukiziunganisha hupati 45, unapata 405. Ghala lenye magunia 45 linasomeka kuwa na 405, na mwenye ghala anaahidi mzigo ambao hana.

Hata saa yetu ina mtego wake. Basi linaloondoka saa 2 asubuhi, kwa mashine linaondoka saa 08:00. Mtoto wa Kiswahili anapaswa kufundishwa ubadilishaji huu waziwazi, maana vitabu vya kigeni havitamweleza. Vivyo hivyo majina. "Ally" na "Ali" kwa jirani ni mtu mmoja. Kwa mashine ni watu wawili.

Nasisitiza hili kwa sababu wakulima tumekwisha kuingia ndani ya mashine, tukitaka tusitake. Katika msimu wa 2022/2023 Serikali ilianza kutoa mbolea ya ruzuku kwa wakulima walioandikishwa katika mfumo wa kidijitali. Mkulima anatambuliwa kwa taarifa alizoandikishiwa. Taarifa zikiwa na kosa, mtu anaweza kusimama mbele ya duka la pembejeo akiwa na fedha mkononi huku mfumo haumtambui. Mtoto mmoja ndani ya nyumba anayeweza kusoma taarifa zile na kusema "hapa pamekosewa" ana faida kubwa kuliko vyeti vingi.

Lumbesa ya angani

Wapo watakaosema haya ni mambo madogo ya makarani. Mambo madogo kama haya yamewahi kuangusha vyombo vya mabilioni. Tarehe 4 Juni 1996, roketi mpya ya Ulaya, Ariane 5, iliruka kwa mara ya kwanza na kuharibika kabla ya dakika moja kwisha. Sababu ilikuwa ya aina za data. Programu ilijaribu kuhamisha namba kubwa ya desimali kwenda kwenye nafasi ya namba nzima isiyoweza kushika zaidi ya 32,767. Namba haikuenea, kama gunia la mahindi linavyoshindwa kuenea katika kisado.

Mwaka 1999 Marekani ilipoteza chombo kilichokuwa kinafika sayari ya Mars. Upande mmoja wa wataalamu ulitoa namba katika vipimo vya Kiingereza vya ratili, upande mwingine ukazisoma kana kwamba ni vipimo vya metriki. Namba zilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni kusema namba hizo ni za kipimo gani.

Sisi kosa hilo tunalo, nalo tunaliita lumbesa. "Magunia 40" ni namba nzima isiyo na kosa lolote machoni pa mashine. Lakini gunia gani? Sheria ya Vipimo inakataza lumbesa, na kikomo cha uzito wa mazao yaliyofungashwa kinajulikana kuwa kilo 100. Tuseme gunia limefungwa kwa kilembwe mpaka kilo 130, na mnunuzi analipa shilingi 60,000 ile ile. Bei ya kilo si 600 tena, ni karibu 460. Kwa magunia 40, mkulima ametoa kilo 1,200 za bure, sawa na magunia 12 halali.

Mtoto aliyefundishwa vizuri hataandika "magunia" peke yake. Ataandika magunia, kisha kilo_kwa_gunia, na bei_ya_kilo. Akishaviandika vitatu, udanganyifu unaonekana kwenye daftari hata kabla mizani haijaletwa. Wauzaji wa parachichi wa nje nao wana mtego wa aina hii. Katika biashara hiyo, saizi 18 maana yake ni matunda 18 katika boksi la kilo 4, kwa hiyo namba ikiwa kubwa tunda ni dogo. Asiyejua namba hiyo inahesabu nini atafurahia saizi 30 akidhani amepata matunda makubwa.

Pingamizi tatu

La kwanza ni vifaa. Watu watasema shule zetu hazina kompyuta, na nyingine hazina umeme wa uhakika. Ni kweli, lakini si kizuizi. Vibao vya boksi vilivyokatwa, chaki na wanafunzi kumi vinatosha. Kila mtoto anashika kibao chenye jina lake: bei, magunia, usafiri, faida. Mmoja anasoma maagizo moja moja kutoka kwenye karatasi, wengine wanafuta na kuandika. Akisoma agizo lililokosewa, darasa zima linaona mahali lilipoharibika. Ni afadhali shule yenye vibao hivyo kuliko shule iliyonunua kompyuta ishirini zikafungiwa ofisini kwa kuogopa zisiharibike.

La pili ni lugha. Istilahi za kompyuta zinaonekana kuwa za Kiingereza, kwa hiyo watu husubiri sekondari. Huko mwanafunzi anakariri maana ya kigeu kwa lugha anayoihangaikia, anafaulu swali, na hawezi kukitumia. Hili halina ulazima. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa programu ya ofisi ya Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice. Walionyesha zaidi ya miaka ishirini iliyopita kwamba lugha yetu inaweza kazi hii. Mtoto akishaelewa jambo kwa Kiswahili, kujifunza jina lake la Kiingereza ni kazi ya siku moja.

La tatu ndilo zito. Mzazi anasema: mwanangu bado hasomi vizuri, hajui kuzidisha, nawe unaniletea programu. Mzazi huyu ana haki. Kusoma, kuandika na kuhesabu vije kwanza, na sipendekezi jambo hili kwa darasa la pili. Lakini kuanzia darasa la tano, kigeu hakichukui muda wa hisabati, kinaipa hisabati kazi ya kufanya. Uingereza iliingiza somo la kompyuta kwa shule zake za msingi mwezi Septemba 2014, na watoto wa miaka 7 hadi 11 wanatakiwa kufanya kazi na vigeu. Majirani zetu Kenya waliidhinisha mtaala wa kuandika programu mwaka 2022. Watoto hao ndio watakaoandika programu za kununulia viazi vyetu. Ni vyema wa kwetu wajue programu hizo zinahesabu nini.

Nini kifanyike

Mosi, walimu wa hisabati na wa sayansi wa darasa la tano na la sita wapewe mafunzo mafupi ya vigeu na aina za data, kwa Kiswahili, kwa mifano ya viazi, chai, mbao na parachichi. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 unasisitiza ujuzi kuliko kukariri, hivyo nafasi ipo.

Pili, shamba la shule liwe daftari. Kila darasa liandike tarehe ya kupanda, aina ya mbegu, kilo za mbolea, idadi ya vibarua, kilo zilizovunwa na bei ya kilo. Mwisho wa msimu wanafunzi watoe hesabu mbele ya kikao cha wazazi. Wazazi wakiona faida ya shamba la shule imeandikwa wazi, hawatauliza tena somo hili ni la nini.

Tatu, vyama vya ushirika na maduka ya pembejeo vikubali kupokea wanafunzi wa sekondari wakati wa likizo, wakague majedwali ya wanachama na kutafuta namba zilizoandikwa kama siyo na maandishi yaliyoandikwa kama namba. Jambo hili lifanywe chini ya usimamizi, maana taarifa za watu ni siri zao.

Nne, wazazi mnaolipia "kompyuta" katika shule binafsi, ulizeni maswali mawili kabla ya kulipa. Je, mtoto wangu ataweza kuandika hesabu ya faida inayobadilika bei ikibadilika? Je, ataweza kuniambia kwa nini namba yangu ya simu si namba? Mkijibiwa kwa kuonyeshwa chumba chenye mashine nyingi zilizofunikwa vitambaa, swali lenu halijajibiwa.

Makambako ni njia panda. Malori ya Dar es Salaam, Mbeya na Songea yanapita pale, na kila lori lina mtu mwenye simu anayejua bei ya mahali pengine. Kwa muda mrefu faida katika biashara ya mazao imekwenda kwa yule anayejua bei. Sasa itakwenda kwa yule anayeweza kuiweka bei hiyo katika hesabu kabla mkulima hajamaliza kufunga gunia. Chaki ya kuanzia ni ya bei ndogo, na muhula ujao hauko mbali.